Kesi ya mtoto haimalizwi kwa mbuzi

HUENDA wewe msomaji unaishi Nairobi, Nakuru au Mombasa, lakini nyumbani kwenu ni Kakamega. Wewe ndiwe unayelipa karo ya watoto wa ndugu zako, na jambo likitokea kijijini, wewe ndiwe unayepigiwa simu. Mara nyingi simu hiyo huwa ya matanga, ya mahari au ya mzozo wa shamba. Siku moja inaweza kuwa ya jambo zito kuliko hayo yote: mtoto wa dada yako amenajisiwa, aliyefanya kitendo hicho ni jirani mnayemfahamu, na wazee wameketi kuamua atatoa mbuzi wangapi ili yaishe. Wanataka kusikia wewe wasemaje.

Jibu lako ni jambo la haki, lakini kwanza kabisa ni jambo la afya. Wakati wazee wanapojadiliana kama ni mbuzi wawili au ndama mmoja, kuna saa zinazopita katika mwili wa mtoto huyo, na saa hizo hazirudi.

Saa 72 za kwanza

Mtoto aliyenajisiwa anaweza kuambukizwa virusi vya Ukimwi. Kuna dawa za kuzuia maambukizi hayo, ambazo wahudumu wa afya huziita PEP. Hufanya kazi ikiwa zitaanza kumezwa kabla ya saa 72, yaani siku tatu, kupita tangu tendo lenyewe. Kila saa inayopita hupunguza nguvu zake, kwa hivyo anayeanza saa ya pili ana matumaini makubwa kuliko anayeanza siku ya tatu. Dawa hizo humezwa kila siku kwa siku 28 bila kukatiza, hata kama mtoto anaonekana mzima na amerudi kucheza na wenzake.

Kwa msichana aliyekwisha kuvunja ungo, kuna pia tembe za dharura za kuzuia mimba. Hizo zinaweza kutolewa hadi saa 120, yaani siku tano, lakini nazo hufaa zaidi zikimezwa mapema. Aidha, daktari atampa dawa za kutibu magonjwa ya zinaa kama vile kisonono na kaswende, chanjo ya homa ya ini ya aina ya B, na kama ana majeraha, chanjo ya pepopunda.

Hebu sasa piga hesabu. Mtoto amenajisiwa Ijumaa usiku. Jumamosi mama anaogopa kusema. Jumapili watu wako kanisani. Jumatatu jioni wazee wanakutana, nao wanaahirisha mkutano hadi Jumatano kwa sababu baba ya kijana yuko safarini. Kufikia Jumatano saa 72 zimekwisha. Hata mkilipwa ng'ombe kumi siku hiyo, hakuna atakayeweza kuwarudishia siku hizo tatu.

Mambo ya kufanya mara moja

Mwambie anayekupigia simu ampeleke mtoto hospitalini kwanza, kabla ya mikutano yote. Si lazima aanzie kituo cha polisi. Hakuna hospitali ya serikali inayopaswa kumfukuza mtoto kwa sababu hana fomu ya P3. Isitoshe, kanuni zilizotolewa mwaka wa 2012 chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono zinasema matibabu ya mwathiriwa katika hospitali za umma ni ya bure.

Kwa wanaoishi karibu na mji wa Kakamega, kuna hospitali kuu ya kaunti, ile ambayo wengi wetu tuliizoea kwa jina la hospitali ya mkoa. Walio mbali wanaweza kuanzia hospitali za serikali kama zile za Butere, Malava na Lumakanda. Ikiwa zahanati iliyo karibu haina dawa, mzazi aombe barua ya rufaa na aondoke saa hiyo hiyo. Hapa ndipo pesa zako wewe wa mjini zinapofaa: tuma nauli kwa simu.

Mtoto asiogeshwe kabla ya kupimwa. Nguo alizokuwa amevaa zisifuliwe. Zikaushwe kivulini kama zina unyevu, kisha zifungwe ndani ya karatasi. Hata gazeti kama hili lafaa. Usizitie katika mfuko wa plastiki, kwani unyevu hukwama humo na kuharibu ushahidi.

Hospitalini, mhudumu atajaza fomu iitwayo PRC, ambayo huandikwa kila alichokiona na kila alichotoa. Fomu hiyo hujazwa nakala tatu: moja ni ya polisi, moja hubaki hospitalini, na moja ni ya mwathiriwa mwenyewe. Usitoke bila yenu. Baada ya hapo nendeni polisi mwandikishe ripoti, mpewe nambari ya OB na fomu ya P3.

Kumbuka jambo moja ambalo huwapoteza wengi. Mtoto anaweza kunajisiwa na daktari asione jeraha lolote. Sehemu hizo za mwili hupona haraka, na si kila tendo huacha alama. Kwa hivyo kusikia kwamba 'hakuna kitu kilichoonekana' si ithibati kuwa mtoto amesema uongo.

Na kama siku tatu zimekwisha kupita? Mpeleke vivyo hivyo. Bado atapimwa virusi na kurudiwa baadaye, bado atatibiwa magonjwa mengine, na bado atapata mtu wa kumsikiliza.

Kwa nini watu hunyamaza

Ni rahisi kwetu tulio mijini kuwalaumu wa nyumbani, lakini sababu zao hazikosi uzito. Mara nyingi mkosaji si mgeni. Ni mjomba, ni mwalimu, ni mwenye bodaboda anayempeleka mtoto shuleni, ni kijana wa boma la pili ambaye baba yake ndiye aliyewaazima jembe la ng'ombe. Mama anajua kwamba kesi ikienda mahakamani Kakamega, atahitaji nauli mara tano, mara kumi, na huku shamba la mahindi linangoja palizi. Mbuzi yuko pale mlangoni, nayo haki iko mbali.

Kuna pia aibu. Watasema msichana alikuwa anatembea usiku. Watasema alikwenda disko matanga, ile ngoma ya usiku inayochezwa penye kifo kwa kisingizio cha kuchangisha pesa za mazishi. Ni kweli kwamba ngoma hizo zimewaharibia maisha wasichana wengi wa Magharibi, na ndiyo maana wakuu wa serikali wamezipiga marufuku mara kwa mara. Lakini mtoto kuwa mahali fulani usiku hakumpi mtu mzima ruhusa ya kumnajisi. Wa kuulizwa swali ni yule mtu mzima.

Wengine hudhani kimya kinamlinda mtoto. Hakimlindi. Mtoto aliyenyamazishwa huanza kukojoa kitandani, huogopa kuachwa na mtu fulani, hushindwa masomo aliyoyaweza, hukataa chakula. Anapomwona aliyemdhuru akipita njiani bila wasiwasi, na mbuzi wake wakila majani uani kwao, hujifunza kwamba yeye mwenyewe alikuwa na bei.

Sheria haitambui mbuzi

Wazee hawana mamlaka ya kumaliza kesi hii, na chifu hana. Hata baba mzazi wa mtoto hana. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, katika kifungu cha 40, ilisema uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka ni wa Mwanasheria Mkuu peke yake. Tangu Katiba ya 2010, jukumu la kuendesha mashtaka ni la Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa hivyo makubaliano yaliyofanywa chini ya mwembe hayana uzito wowote mbele ya hakimu.

Kifungu cha 8 cha sheria hiyo kinaeleza adhabu. Aliyenajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake hufungwa maisha. Mtoto akiwa na miaka 12 hadi 15, kifungo si chini ya miaka 20. Akiwa na miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15. Isitoshe, Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, mradi hakimu aridhike kwamba mtoto anasema kweli na aandike sababu zake. Usikubali kuambiwa kwamba bila shahidi wa pili hakuna kesi.

Waliokataa kunyamaza

Utasema, 'Hata tukipiga ripoti, polisi watafanya nini?' Swali hilo liliulizwa Meru. Wasichana 11 walionajisiwa, pamoja na shirika lililowahifadhi, waliishtaki serikali kwa sababu polisi hawakuchunguza malalamiko yao. Mnamo Mei 27, 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba uzembe huo wa polisi ulivunja haki za watoto hao, ikaamuru uchunguzi ufanywe.

Mwezi mmoja tu baadaye, Juni 2013, jambo likatukia Busia, kaunti inayopakana na Kakamega. Msichana wa miaka 16 aliyekuwa akitoka matangani alishambuliwa na vijana sita, wakambaka na kumtupa katika shimo la choo. Aliumia mgongo, akapata nasuri, ule ugonjwa wa kutokwa na mkojo au choo bila kujizuia. Vijana watatu waliokamatwa walipewa adhabu ya kufyeka nyasi kituoni, kisha wakaachiliwa waende zao.

Mama yake hakukubali yaishie pale. Habari ilipochapishwa magazetini, zaidi ya watu milioni moja ulimwenguni walitia saini ombi la kudai haki, na tarehe 31 Oktoba 2013 waandamanaji walilipeleka hadi makao makuu ya polisi jijini Nairobi. Aprili 2015, watatu kati ya vijana hao walihukumiwa kifungo cha miaka 15. Msichana naye alipata matibabu. Lakini jiulize, msomaji: kama mtu asingesema, leo tungekumbuka nini ila nyasi zilizofyekwa?

Ndoto isikatizwe

Huenda habari ikakufikia mimba ikiwa imekwisha kuonekana. Hapo wazee hubadilisha wimbo, waseme aolewe. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema mtu hawezi kuoa au kuolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Kumwoza mtoto kwa aliyemharibu ni kuongeza kosa juu ya kosa.

Mimba ya msichana mdogo ni ya hatari. Nyonga zake hazijapanuka vya kutosha, kwa hivyo uchungu unaweza kuchukua siku nzima na zaidi, na kumwachia nasuri. Yuko katika hatari zaidi ya upungufu wa damu na kifafa cha mimba. Anapaswa kuanza kliniki mapema na kujifungulia hospitalini. Akifichwa jikoni kwa nyanya yake hadi siku ya kujifungua, aibu imepewa nafasi ya kumwua.

Akishajifungua, arudi shule. Tangu 1994 serikali ya Kenya imekuwa na sera ya kuwaruhusu wasichana waliozaa kuendelea na masomo, na mwongozo mpya ulitolewa mwaka wa 2020. Umuhimu wa darasa ulionekana wakati shule zilipofungwa mwaka huo kwa ajili ya Korona. Watafiti huko Siaya waligundua kwamba wasichana waliofungiwa nyumbani walikuwa na uwezekano maradufu wa kushika mimba kabla ya kumaliza sekondari, wakilinganishwa na waliowatangulia. Shule ni mahali pa masomo, na pia ni ua unaowazingira watoto.

Wala tusikate tamaa. Uchunguzi wa kitaifa wa 2010 ulionyesha kwamba karibu thuluthi moja ya wanawake vijana nchini walikuwa wamedhulumiwa kingono kabla ya kufika miaka 18. Uchunguzi kama huo wa 2019 ulionyesha idadi imeshuka hadi karibu asilimia 16. Wavulana nao wamo, ijapokuwa husema kwa nadra zaidi. Idadi bado ni kubwa, lakini inaweza kushushwa.

Nambari za kuweka simuni

Andika nambari hizi, uwatumie watu wa nyumbani leo: 116 ni ya kusaidia watoto, na 1195 ni ya waliodhulumiwa kijinsia. Kupiga ni bure, mchana na usiku.

Ikiwa wewe ni senge au khotsa wa mtoto, una sauti katika boma lile kuliko unavyodhani. Anayelipa karo husikizwa. Waambie wazee kwa heshima kwamba hutakuja kula mbuzi huyo, na kwamba mtoto yuko njiani kwenda hospitalini. Kisha zungumza na mtoto mwenyewe. Mwambie maneno matatu: nakuamini, hukukosa, tuko nawe. Usiba wa ziba ufa tunaujua sote. Asiyeuziba hujenga ukuta, na ukuta wa maisha ya mtoto hauna fundi wa kuujenga upya.