Maji ya Same Yaanze Kusafishwa Arusha

Maji ya bomba yanayofika mjini Same yameshatumiwa na wengi. Yalishuka kutoka Meru na Kilimanjaro, yakanywesha migomba na mashamba ya mpunga, yakakatiza Arusha na kupita ubavuni mwa Moshi, yakafulia, yakaoshea, yakasukuma uchafu wa vyoo, kisha mito ya Kikuletwa na Ruvu ikayamwaga katika Bwawa la Nyumba ya Mungu. Ni bwawani humo yanamovutwa, yakasafishwa na kusukumwa kwa mabomba hadi Mwanga na Same.

Hilo peke yake si jambo la kutisha. Miji mingi duniani hunywa maji yaliyopita mji mwingine. Kinachotisha ni mazoea yetu ya kuhesabu majisafi kuwa mradi na majitaka kuwa jambo la baadaye, siku bajeti ikiruhusu. Kwa anayekunywa maji ya Nyumba ya Mungu, hizo ni kazi moja isiyogawanyika.

Watu wa Upare wameyasubiri sana maji haya. Mradi wa Same–Mwanga–Korogwe ulianza kujengwa mwaka 2014 kwa fedha za Serikali na za wakopeshaji wa nje, wakiwamo benki ya BADEA, Mfuko wa OPEC na mifuko ya Saudi Arabia na Kuwait. Ulisuasua, mkandarasi akaondolewa, kazi ikaendelezwa na wataalamu wa ndani, na awamu ya kwanza ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025. Sababu ya kwenda kuyatafuta maji mbali hivyo inaonekana kwa macho. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huangusha mvua yake kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Upare na katika msitu wa Chome, kwenye kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Ukishavuka mlima, umekauka. Ndiyo maana mtu aliyesimama na dumu tupu pale stendi ya Same anaweza kuinua macho akaona milima imefunikwa ukungu.

Maji ya bwawa yana vitu vya aina tatu vya kushughulikia: udongo, vimelea, na vile vilivyoyeyuka visivyoonekana. Udongo ndio unaoonekana kuwa mbaya zaidi, lakini ndio rahisi kuutoa. Chembe zake ndogo zina chaji hasi, kwa hiyo husukumana zenyewe kwa zenyewe na kubaki zikielea, hata ukiyaacha maji yatulie siku nzima. Ukiweka shabu, ile chumvi ya aluminiamu ambayo bibi zetu waliizungusha ndani ya mtungi, msukumano ule unakufa. Chembe zinashikana, zinakuwa mabonge, zinazama.

Ingia asubuhi katika maabara ya mtambo wowote wa aina hii utamkuta fundi amepanga vyombo sita vya kioo kwenye mstari, vyote vimejaa maji ghafi yaleyale, kila kimoja kimetiwa kipimo chake cha shabu. Vijiti vya mashine vinakoroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole. Anazima, anasubiri. Katika chombo cha kwanza maji bado yana vumbi. Katika cha tatu au cha nne utaona vitu kama chembe za theluji ya kahawia vikishuka, na juu yake maji yanang'aa. Hicho ndicho kipimo cha siku hiyo. Kesho mvua ikipiga milimani atapima upya, kwa sababu kipimo cha jana hakitafaa. Mtambo ulionunuliwa kwa mabilioni unategemea zoezi hili dogo lisirukwe.

Baada ya kutuama, maji hupita kwenye mchanga, na mwisho yanatiwa klorini. Klorini inahitaji kama nusu saa kuua bakteria, na baadhi yake inatakiwa ibaki, kama miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, mpaka kwenye bomba la mwisho. Ile harufu hafifu wanayoilalamikia wengi ni dalili kwamba dawa bado ipo kazini. Ila klorini haichagui: mabaki ya majani, mwani na uchafu mwingine huila kabla haijawafikia wadudu. Na wapo vimelea kama kriptosporidiamu, wanaowaharisha watoto na wagonjwa wenye kinga dhaifu, ambao klorini ya kawaida haiwafanyi lolote. Hao huzuiwa na mchanga uliosafishwa vizuri, au kwa kuyachemsha maji.

Ushahidi mkubwa wa nguvu ya mchanga ulitoka Ujerumani. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia Hamburg, kikaua zaidi ya watu 8,000. Altona, mji uliopakana nao kiasi cha kushirikiana mitaa, ulichota maji ya mto uleule wa Elbe, tena chini zaidi, baada ya Hamburg kumwaga majitaka yake. Wagonjwa wa Altona walikuwa wachache mno kulinganisha na wa jirani zao. Altona ilichuja maji yake kwa mchanga, Hamburg ilikuwa haijafika huko. Robert Koch, aliyekuwa amemtambua bakteria wa kipindupindu miaka michache kabla, aliutumia mfano huo kuwanyamazisha waliokuwa wakidai kwamba ugonjwa huo hauletwi na maji.

Kwa hiyo aliye chini mtoni anaweza kujikinga. Lakini kuna mambo ambayo mchanga na klorini havigusi, na hapo ndipo Arusha na Moshi wanapoingia katika afya ya Mpare. Naitrojeni na fosforasi kutoka vyooni, kwenye sabuni na mbolea hupita zikiwa zimeyeyuka. Zikifika katika bwawa lenye jua kali kama Nyumba ya Mungu, ni chakula cha mwani. Mwani ukistawi huziba machujio na kula klorini, na baadhi ya jamii zake hutoa sumu inayodhuru ini, sumu ambayo kuchemsha hakuiondoi. Kuna pia floraidi, ingawa hiyo haitoki kwa binadamu. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, na kingo za Kikuletwa zinaijua vizuri: meno ya kahawia kwa watoto, na kwa waliokunywa nyingi kwa miaka, mifupa iliyopinda. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa muda mrefu iliruhusu hadi 4, kabla ya kushusha kiwango chake. Kuipima hakutakiwi kuwa jambo la mara moja, maana kiasi chake hubadilika kulingana na mto upi umeleta maji zaidi msimu huo.

Dawa ya majitaka ya miji ya juu inajulikana, na kwa jua letu haina gharama ya kutisha. Moshi ina mabwawa yake ya majitaka Mabogini; Arusha imejenga mapya upande wa Terrat, katika mradi mkubwa ulioshirikisha Benki ya Maendeleo ya Afrika. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, uchafu mzito na mayai ya minyoo huzama, na bakteria wasiohitaji hewa huanza kuumeng'enya. Katika mabwawa yanayofuata mwani hutoa oksijeni kwa bakteria wengine. Katika ya mwisho, yenye kina kifupi, miale ya jua huua vimelea. Hakuna pampu wala kemikali. Kinachotakiwa ni siku za kutosha maji yakae humo, na tope litolewe kwa wakati wake. Bwawa lililojaa tope huyapitisha maji haraka, nayo hutoka karibu kama yalivyoingia. Mabogini wakulima wa mpunga huyatumia maji yale shambani. Naona ni jambo jema, kwa sababu mpunga hunyonya virutubisho vile vile vinavyolisha mwani bwawani. Sharti ni mayai ya minyoo yasizidi moja kwa lita, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, na mkulima asiingie majarubani pekupeku.

Kuelewana kati ya walio juu na walio chini si jambo geni Upare. Katika bonde la Makanya, wakulima wa Vudee mlimani na wa Bangalala chini waliwekeana zamu za maji ya mfereji na za ndiva, yale mabwawa ya asili yanayojazwa usiku na kufunguliwa asubuhi. Aliyefungua nje ya zamu alijibu mbele ya wenzake. Makubaliano yale yalihusu wingi wa maji. Leo Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao Moshi, hutoa vibali vya kuchota na vya kumwaga, na mimi ningependa hesabu ya ubora wa maji yanayomwagwa ibandikwe hadharani kila mwezi, Arusha, Moshi na Same pia.

Halafu kuna mabomba yenyewe. Pakiwa na mgao, presha ikiisha, bomba lililopasuka karibu na mtaro hugeuka mdomo: linanyonya maji machafu yaliyolizunguka. Maji yanaporudi, ya kwanza huwa na tope na vimelea. Yaachwe yatiririke hadi yang'ae, na ya kunywa yachemshwe. Ndoo iwe na mfuniko na kata yenye mpini, kwa kuwa maji mengi yaliyotoka salama mtamboni huchafuliwa na mkono nyumbani.

Na sasa zamu ya Same yenyewe. Familia iliyokuwa ikibeba madumu matatu kwa siku, ikifungiwa dira ya maji, itatumia mara kadhaa ya hapo, na sehemu kubwa ya maji hayo itageuka majitaka. Mji unategemea vyoo vya shimo na makaro. Vitajaa haraka kuliko zamani, na swali la kumuuliza diwani kabla ya bajeti ijayo ni gari la kunyonya litamwaga wapi. Panahitajika vitanda vya kukaushia tope na mabwawa machache, mbali na makorongo, na eneo litengwe sasa kabla viwanja havijauzwa. Mvua kubwa zikipiga, makorongo yale huteremsha kilichoachwa wazi kuelekea Mto Pangani, na kule Korogwe mradi mwingine unavuta maji ya Pangani kupeleka Handeni.