Maji ya Mvua katika Uwanja wa Ndege

Somo letu la leo ni maji ya mvua, na tutaanzia juu ya paa.

Ukikaa Kariakoo wakati wa masika, sikiliza bati. Mvua ikianza tu, maji yako barabarani. Shambani sivyo: ardhi hunywa kwanza, ndipo maji yatembee. Bati halinywi, saruji hainywi, lami hainywi. Shikeni neno hilo.

Sasa twende Kipawa, kwenye Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere. Njia kubwa ya kurukia ndege pale ina urefu wa mita 3,000, na upana wake ni mita 45 hivi. Mwalimu, andika ubaoni: 3,000 mara 45 ni mita za mraba 135,000. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja ya maji. Basi mvua ya milimita 50 itatoa lita 6,750,000. Ni madebe 337,500 ya lita 20! Na hapo sijahesabu mapaa, wala mahali ndege zinapoegeshwa.

Maji hayo yakituama, ni hatari. Gurudumu la ndege likienda mbio juu ya maji mengi, maji hulinyanyua, lisiguse lami, na breki haifai kitu. Kwa hiyo katikati ya njia huinuliwa kidogo, kama mtumbwi uliopinduliwa, ili maji yateremke pande mbili mpaka mitaroni. Labda mtauliza, kwa nini wasichimbe bwawa pale pale? Bwawa huita ndege. Nasema ndege wa manyoya, si ndege za chuma. Nao wakiingia katika injini, mambo huharibika.

Tena maji ya uwanjani huchukua mafuta. Mafundi hujenga chumba cha saruji chenye ukuta usiofika chini. Maji hupita chini ya ukuta, mafuta hubaki yakielea, yakachotwa. Jaribu nyumbani kwa bilauri ya maji na tone la mafuta, utaona.

Wenzetu wa nchi za baridi kali wana taabu zaidi. Theluji hukaa juu ya ardhi miezi mingi, kisha joto likija huyeyuka karibu yote pamoja, na ardhi chini ingali imeganda kama mwamba. Barafu nayo imeziba makalvati. Zaidi ya hayo, mabawa ya ndege hunyunyiziwa dawa iitwayo glaikoli ili kuyeyusha barafu. Dawa hiyo ikiingia mtoni, vijidudu huila, na wakati wa kuila hutumia hewa iliyomo majini, hata samaki wakakosa pumzi. Huko Norwei, uwanja wa Gardermoen, uliofunguliwa mwaka 1998, umekaa juu ya mchanga na kokoto zenye akiba kubwa ya maji chini yake. Dawa nyingi hukusanywa kwa mifereji; ile inayodondoka kandokando ya njia huachiwa vijidudu vya udongoni, lakini kwa kipimo, isije ikafika kwenye akiba ile.

Sisi hatuna barafu. Tuna chupa za plastiki, maganda ya miwa na mchanga, navyo huziba kalvati vilevile.

Mto Msimbazi hutoka vilima vya Pugu, hupita Vingunguti na Jangwani, ukaingia baharini karibu na daraja la Selander. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha siku tatu, mto ukajaa, na kiasi cha watu 40 walikufa mjini. Wengi wa waliopoteza nyumba mabondeni walipelekwa Mabwepande. Maji yale hayakuwa ya vilimani tu. Mengine yalitoka kwenye bati na lami za mjini, kama hizi za kwetu.

Kabla ya somo lijalo, pimeni paa la darasa lenu, urefu mara upana, mtafute lita za mvua ya milimita 50. Kisha tokeni nje, mtazame mtaro ulio karibu, mwandike maji hayo yataelekea wapi.