Mashine Inapohesabu kwa Kiswahili: Simu ya Ofisi na Sanduku la Sauti

Ofisi yenye simu kumi mezani hainunui laini kumi. Laini moja au mbili hutoka nje, na ndani kuna mtambo unaogawa simu: ukibonyeza 101 inalia kwa katibu, 102 kwa mhasibu. Zamani mtambo huo ulikuwa kasha zito lililofungwa ukutani. Siku hizi kompyuta ya kawaida yenye programu inatosha. Programu iliyoenea sana kwa kazi hiyo ni Asterisk, iliyoanzishwa na Mark Spencer huko Marekani mwaka 1999. Hutolewa bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma.

Wakati wa likizo niliombwa kuiweka katika ofisi moja ya hapa Lubumbashi na kuiongezea sanduku la sauti, lile ambalo mjini tunaliita répondeur. Sikuitwa kwa sababu ya ufundi. Niliitwa kwa sababu naogopa kompyuta kidogo kuliko wengine. Nilidhani kazi itakuwa ya waya, kumbe ilikuwa ya ngeli.

Sehemu ya waya niimalize upesi. Mafaili mawili ndiyo yanayohusika zaidi. Katika voicemail.conf unaandika mstari mmoja kwa kila mtu: namba ya sanduku, namba ya siri, jina lake, na ukitaka, anwani yake ya barua pepe ili sauti imfikie huko pia. Katika extensions.conf unauambia mtambo la kufanya simu inapoingia: kwa amri ya Dial uite 101 kwa sekunde 20, na isipojibiwa uendelee kwenye amri ya VoiceMail, sanduku 101. Ukiongeza herufi u, mpigaji husikia kwamba mwenye simu hayupo. Ukiongeza b, husikia kwamba anaongea na mtu mwingine. Kisha unachagua namba ya kusikilizia. Mimi nilichagua *98, inayofungua amri ya VoiceMailMain.

Wengi husahau taa. Simu za mezani huwa na taa ndogo inayowaka ukiachiwa ujumbe, lakini haiwaki mpaka uandike mstari wa mailboxes katika maelezo ya simu hiyo ndani ya pjsip.conf. Bila mstari huo ujumbe hupokewa, hutunzwa vizuri, na hakuna anayejua kwamba upo. Tena namba ya siri isiwe sawa na namba ya sanduku, kwani hiyo ndiyo wezi hujaribu kwanza.

Lugha nayo huchaguliwa kwa mstari mmoja, language=sw. Halafu unaweka sauti zako katika folda iitwayo sw. Mwenzangu wa darasa ndiye aliyekubali kurekodi maneno. Sauti moja ikikosekana, mtambo hautulii kimya, huchukua ile ya Kiingereza. Siku ya kwanza mashine yetu ilichanganya lugha kama sisi tunavyochanganya Kiswahili na Kifaransa, ila yenyewe ilichanganya bila ustadi.

Hapo ndipo somo letu linapoanza, maana mashine haina sentensi. Ina vipande, na kila kipande ni faili ya sauti. Kwa utaratibu wa Kiingereza huvipanga hivi: «una», kisha namba, kisha «mpya», kisha jina la kitu. Ukitafsiri kila kipande peke yake, katibu atasikia «una tatu mpya ujumbe». Nilifungua faili ya msimbo inayotaja namba, nikakuta kanuni za Kipolandi, Kiebrania, Kiurdu na Kijojia. Kiswahili sikukikuta.

Mpangilio ni tatizo la kwanza, upatanisho ni la pili. Ujumbe ukiwa mmoja tunasema «ujumbe mmoja», lakini faili ya namba inasema «moja», kwa kuwa hiyo hiyo inatumika kutaja namba za simu. Haiwezi kuvaa kiambishi kwa ajili ya nomino iliyo karibu nayo. Nilijaribu kurekodi «mmoja», na mashine ikaanza kutaja 101 kuwa «mmoja sifuri mmoja».

Suluhisho lilikuwa ndani ya sarufi yenyewe. Namba tunazohesabia tupu, moja, mbili, tatu, nne, tano, nane, zina umbo lile lile zinalochukua pamoja na nomino za ngeli ya 9 na ya 10. Sita, saba na tisa hazibadiliki popote. Basi mtu akichagua nomino ya ngeli hiyo, upatanisho unapatikana bila kuandika msimbo wowote. Nilichagua «simu». Katibu alitaka «bamesaje», kama tunavyosema kila siku, na hoja yake ilikuwa nzuri: katika Kiswahili chetu cha mjini namba haisumbuki, ni mesaje moya, bamesaje mbili. Tulibishana kwa soda mbili nzima. Mwishowe kipande cha kwanza kikawa «Hesabu ya simu ulizoachiwa», na mahali pa jina la kitu nikaweka nusu sekunde ya kimya. Sasa inasema: «Hesabu ya simu ulizoachiwa: tatu mpya na mbili za zamani.» Vipande na mpangilio ni vile vile vya Kiingereza, lakini sikio halikwaruzwi.

Juu ya ishirini bado inakosea, kwani 21 inatoka «ishirini moja», bila «na». Kuna faili ya say.conf ambamo mtu anaweza kuandika kanuni za namba za lugha yake. Mimi nilipunguza ukubwa wa sanduku hadi 20. Mwenye simu 21 ambazo hajasikiliza ana tatizo ambalo sarufi haitalitatua.

Kosa kubwa lilikuwa la saa, na lilikuwa langu. Kabla ya kila ujumbe mtambo hutaja wakati ulipopokewa. Kwa saa ya kompyuta, simu ya asubuhi saa tatu ni 9, na mimi nilikuwa nimerekodi 9 kuwa «tisa». Siku moja ofisi yote ilikwenda kwenye matanga tangu asubuhi, ikarudi saa kumi. Katibu akasikiliza: imepokewa leo, saa tisa. Mzee mmoja alikuwa anasema yuko njiani kutoka Likasi na karatasi zake, atafika baada ya saa moja, tafadhali wamngoje. Mama yule alimngoja mpaka giza. Mzee alikuwa amefika tangu saa nne asubuhi, akakuta mlango umefungwa, akarudi kwao na karatasi zake. Nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi katibu. Kwa mzee ilibidi nipige simu.

Kuandika upya msimbo wa saa sikuweza. Lakini voicemail.conf ina sehemu ya zonemessages, ambapo unachagua majira ya kutajia saa na mpangilio wa maneno. Saa ya Kiswahili iko nyuma ya saa ya kompyuta kwa saa sita. Lubumbashi iko saa mbili mbele ya majira ya Greenwich, kwa hiyo nilihitaji mji ulio saa nne nyuma yake, usiosogeza saa zake katikati ya mwaka. La Paz, Bolivia. Huko 3 ikigonga, hapa ni 9, nasi tunasema saa tatu. Kumbe hata alama zao mbili za kugawa siku zinatufaa: nusu yao ya kwanza inaangukia kati ya mapambazuko na machweo yetu, nusu ya pili ni usiku wetu. Ya kwanza nikairekodi «mchana», ya pili «usiku». Dakika niliziacha. «Saa tatu mchana» si vile tungesema, tungesema asubuhi, lakini hakuna atakayengoja mtu bure kwa ajili yake.

Imebaki siku. Kati ya saa sita za usiku na alfajiri, La Paz bado ni jana, hivyo simu ya saa nane za usiku wa kuamkia Jumanne inatajwa kuwa ya Jumatatu. Nilimweleza katibu. Akasema anayepiga saa hizo ni mlinzi tu, na kwake usiku huo bado ni wa Jumatatu.