Majasi na Vipuli: Ufundi wa Mapambo ya Sikio Katika Upwani wa Waswahili

Wahenga walinena kwamba chanda chema huvikwa pete. Hata hivyo, katika miji ya upwani kama vile Lamu, Pate, Mombasa na Unguja, si chanda pekee kilichovikwa. Sikio nalo lilikuwa na mapambo yake, mafundi wake na msamiati wake. Siku hizi wasemaji wengi huyaita mapambo yote ya sikio herini au vipuli bila ya kubagua. Makala haya yananuia kubainisha tofauti zilizokuwapo, kueleza jinsi mapambo hayo yalivyofuliwa, na kuonyesha ni kwa nini mengi yametoweka.

Kipuli ni pambo dogo la kuning'inia. Jasi nalo ni pambo la mviringo linalojaza tundu pana la ndewe, yaani ile nyama laini ya chini ya sikio. Neno ndewe lingali hai katika msemo "hana ndewe hana shikio", ingawa wengi wautumiao hawajui maana yake ya asili. Hivyo basi, mwanamke aliweza kuvaa vipuli kadhaa ukingoni mwa sikio, na jasi moja kubwa kwenye ndewe.

Utoboaji ulianza mapema. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said wa Unguja aliyezaliwa mwaka 1844, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwamba mtoto wa kike alitobolewa matundu sita katika kila sikio siku chache tu baada ya kuzaliwa, kwa sindano na uzi mwekundu wa hariri. Ili kuvaa jasi, tundu la ndewe lilipanuliwa polepole. Kijiti chembamba kilifuatwa na kinene zaidi, au ukanda wa karatasi au wa ukindu ulikunjwa kama mkeka mdogo na kupachikwa. Ukanda uliokunjwa hutaka kufunguka, na kule kufunguka ndiko kunakosukuma nyama ya sikio taratibu. Karatasi hizo zilipotiwa rangi, ziligeuka kuwa mapambo kamili kwa wasioweza kununua madini.

Fedha haikuwa ngeni upwani. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, wanaakiolojia walifukua zaidi ya sarafu 2,000 za fedha za kale. Katika karne ya 19, sonara alitegemea sana riale ya Maria Theresa, sarafu ya Austria yenye tarehe ya 1780 iliyoenea kote katika Bahari ya Hindi. Riale moja ina uzito wa takriban gramu 28, na asilimia 83 yake ni fedha halisi. Mchanganyiko huo ulimfaa fundi, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno na hupindika upesi.

Kazi yenyewe ilidai subira. Sarafu ziliyeyushwa katika chungu kidogo juu ya mkaa uliovuviwa, kisha zikamiminwa katika kalibu. Kipande kilichopatikana kilifuliwa kwa nyundo juu ya fuawe hadi kikawa bamba jembamba. Kwa kuwa fedha hukakamaa inapopigwa, fundi alilazimika kuirejesha motoni mara kwa mara ili ilainike, la sivyo ingepasuka. Ili kupata uzi, aliivuta fedha kupitia matundu ya chuma, akianza na tundu kubwa na kumalizia na dogo. Nyuzi hizo zilisokotwa, zikapindwa na kupangwa juu ya bamba kuwa nakshi, kisha zikalehemiwa. Hatari kubwa ilikuwa hapo, maana lehemu lazima iyeyuke kabla ya fedha yenyewe. Moto ukizidi kidogo, kazi ya siku nyingi huharibika. Mwisho pambo lilisuguliwa mpaka likang'aa, na baadhi yakapakwa dhahabu.

Aidha, mapambo haya yalikuwa akiba. Mwanamke aliyefikwa na dhiki aliweza kuuza jasi lake, na sonara akalinunua kwa uzito wake. Hapa ndipo penye msiba. Sonara alipolinunua aliliyeyusha akafua jingine, kwa hiyo thamani ya madini ilidumu ilhali ustadi wa fundi wa kwanza ulipotea pasi na alama. Vijana walipoacha kupanua ndewe, majasi yalikosa masikio ya kuyabeba. Yaliyosalia yakauzwa kwa wageni au yakaingia makavazini.

Hasara hii inamgusa pia msomaji wa fasihi. Katika utendi wake wa mwaka 1858, Mwana Kupona anamuusia binti yake asiache kujipamba, akitaja makoa, kidani, pete na hina. Asiyevijua vitu hivyo husoma orodha ya majina tu. Anayevijua huona mali ya mwanamke, cheo chake na heshima yake nyumbani.

Hivyo basi, ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili wanaofanya utafiti upwani kuwaendea wazee na masonara, wakaandika jina la kila pambo, la kila sehemu yake na la kila kifaa. Kamusi inaweza kuhifadhi neno jasi kwa mstari mmoja. Lakini namna lilivyofuliwa na lilivyovaliwa imo vichwani mwa watu, nao hawatakuwapo daima.