Teminali ikilegea, biashara huungua

MBARARA. Kuanzia maduka ya Bwizibwera hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, sola ndiyo huchaji simu za wateja wengi. Ugonjwa wake ni ule ule wa roboti ya kiwandani: teminali kulegea kwenye bodi ya kugawa umeme. Waya usipobanwa vyema hutoa joto, plastiki ikayeyuka, hata moto ukazuka. Kuzungushia utepe hakutibu.

Fundi makini kwanza huchomoa paneli ya sola, kisha betri. Hukata waya ulioungua hadi shaba ing'ae, hubadilisha teminali, kisha hukaza skrubu. Kamwe haweki waya mahali pa fyuzi.

Mfanyabiashara anayesafirisha vifaa hivi avikague afikapo: mtikisiko wa barabara hulegeza kilichokazwa.