Saa ya Mkononi, Chaji ya Mfukoni

Katika kanuni za ufundi za Bluetooth kuna pakiti isiyobeba kitu. Haina ujumbe, haina idadi ya mapigo ya moyo, haina jina la anayepiga simu. Ina biti 80 tu: za mwanzo humzindua mpokeaji, zinazofuata humweleza kuwa anayeitwa ni yeye na si mwingine, kisha huja kichwa kifupi, na mwishoni tarakimu za kuhakiki kwamba hakuna kilichoharibika njiani. Simu huituma kwa mikrosekunde 80. Hewa hunyamaza kwa mikrosekunde 150. Saa janja nayo hurudisha pakiti yake, tupu vilevile, kwa mikrosekunde 80 nyingine. Mazungumzo yamekwisha ndani ya mikrosekunde 310, muda ambao hata mbu hajamaliza kupiga bawa mara moja, na redio zote mbili zinalala. Ni salamu tu: upo? nipo. Lakini ndiyo hubebeshwa lawama kila mtu anaponunua saa janja, akaiunganisha na simu yake, na alasiri ya kwanza akakuta chaji imebaki robo.

Watu wamegawanyika kuhusu jambo hili, na kila upande una kiapo chake. Wapo wasemao tangu saa iingie mkononi simu haifiki jioni. Wapo wasemao simu sasa inalala na chaji, kwa kuwa hawaichomoi mfukoni kila inapolia. Wote wanasema walichokiona, ilhali redio ni ileile na kanuni zake ni zilezile. Jambo lenyewe si la anasa. Tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, simu imekuwa ikibeba nauli, ada na mtaji wa biashara. Ikizimika saa kumi na mbili jioni, nauli imezimika nayo. Kwa hiyo kesi humfikia fundi wa simu, pale Kariakoo au Luthuli Avenue, mshitakiwa akiwa amekwisha kutajwa. Fundi mzoefu hafungi jalada upesi. Hutaka kwanza kujua saa hiyo inaituma simu kufanya nini. Swali hilo ndilo makala haya yanalolishika, kwa sababu ushahidi uko upande wake: kuunganishwa kwenyewe hakuli chaji ya kutajika. Zinazokula ni kazi ambazo simu hutumwa kwa jina la saa.

Ili kuona hivyo inabidi kujua salamu ile ilivyoundwa na nani alihurumiwa ilipoundwa. Bluetooth ilianza mwaka 1994 katika kampuni ya Ericsson nchini Uswidi, kwa nia ya kuondoa nyaya kati ya vifaa. Ilifaa kwa kupitisha sauti na mafaili, lakini ilikuwa na njaa, na kifaa chenye betri ya ukubwa wa kifungo cha shati kisingeimudu. Mwaka 2006 Nokia ilitangaza redio ya jamii nyingine iliyoiita Wibree, ikaja kuingizwa katika toleo la Bluetooth 4.0 mwaka 2010, na mwaka uliofuata iPhone 4S ikatoka nayo. Ujanja wa redio hiyo mpya ulikuwa kulala. Simu na saa hupatana zikutane kila baada ya muda fulani, kuanzia milisekunde 7.5 hadi sekunde 4, na kati ya miadi hakuna anayesikiliza. Kisha kuna kifungu kinachomfanya msomaji arudie mstari: saa inaruhusiwa kukaa kimya ikiwa haina la kusema, hadi zamu 499 mfululizo, mradi kimya hicho kisivuke kikomo walichopatana, ambacho hakizidi sekunde 32. Ruhusa hiyo imeandikwa kwa ajili ya saa peke yake. Kuanza kila zamu ni kazi ya simu, iitikiwe isiitikiwe. Walioandika kanuni walimpunguzia mzigo mwenye betri ndogo, na hawakukosea, kwa kuwa saa nyingi zina betri ya mAh 300 hivi na simu zetu nyingi sasa zina mAh 5,000. Hata hivyo kwenye karatasi imebaki hivyo: anayetakiwa kusalimia bila kuchoka ni simu.

Basi tuipigie hesabu salamu hiyo, na tuipige kwa kuionea. Redio haiamki na kulala papo hapo, na sehemu ya simu inayoisimamia nayo huzinduka. Tuseme kila salamu inachukua milisekunde 5, ambazo ni zaidi ya mara kumi na tano ya muda wa mawasiliano yenyewe. Tuseme katika muda huo simu inavuta miliampea 20, ingawa chipu za redio hizi, kama nRF52832 ya kampuni ya Nordic, huvuta kama 5 tu zinaposema au kusikiliza. Tuseme zinasalimiana mara mbili kila sekunde, usiku na mchana, yaani mara 172,800 kwa siku. Redio itakuwa macho kwa sehemu moja ya mia ya muda wote, mvuto wa wastani utakuwa miliampea 0.2, na siku nzima itakuwa imetumia mAh 4.8. Kwa betri ya mAh 5,000 hiyo haifiki hata moja ya kumi ya asilimia moja. Sasa tuweke kioo upande wa pili wa mizani. Simu yenye betri hiyo ikidumu saa kumi kioo kikiwaka, wastani wake ni miliampea 500, na kwa mwendo huo mAh 4.8 zinakwisha ndani ya sekunde 35. Kwa maneno mengine, kufungua simu mara moja kusoma ujumbe na kuujibu kunaweza kula chaji ambayo ingetosha salamu za siku nzima, hata baada ya kuzibambikia gharama zisizo zake.

Hapo ndipo swali la fundi linapopata uzito. Ujumbe wa WhatsApp ukiingia, simu ingeamka hata kama saa isingekuwapo. Kuupitisha hadi mkononi ni nyongeza ndogo. Zipo safari nyingine ambazo bila saa zisingekuwapo kabisa. Saa inataka hali ya hewa, na simu inakwenda kuitafuta mtandaoni. Saa imepima mapigo ya moyo, na programu yake inataka kuyapeleka kwenye seva ya mtengenezaji. Data yenyewe ni kidogo, lakini redio ya mtandao wa simu ina tabia isiyo ya Bluetooth: ikishaamshwa hubaki macho kwa sekunde kadhaa baada ya kazi kwisha, ikisubiri huenda kuna kingine. Programu inayopeleka habari kidogo kidogo kila baada ya dakika chache hulipia kungoja huko kila mara, na mahali ambapo mnara uko mbali redio hulazimika kupaza nguvu zaidi. Zipo saa zisizo na GPS yake; mwenye nayo akienda kukimbia, ni simu inayofuatilia setilaiti na kuchora njia, na kwa muda wote wa mazoezi hailali. Zipo zinazopokea simu mkononi, na sauti hiyo hupita kwenye Bluetooth ya zamani, ile yenye njaa. Na siku ya kusasisha programu ya saa, faili kubwa hupitishwa kwenye njia iliyojengwa kwa ajili ya salamu.

Kwa saa za bei nafuu mambo huwa mazito zaidi, na hapa fundi ana haki ya kuguna. Kuanzia Android 6.0 ya mwaka 2015 hadi Android 11, programu iliyotaka kutafuta kifaa cha Bluetooth kilicho karibu ililazimika kuomba ruhusa ya kujua mahali simu ilipo, kwa sababu vifaa vya aina hiyo vikishajulikana vimewekwa wapi vinaweza kufichua mtu yuko wapi. Android 12 ya mwaka 2021 ilitenganisha ruhusa hizo mbili. Simu za zamani bado ziko mikononi mwa watu wengi, na mwenye simu hiyo anapoambiwa na programu ya saa kwamba lazima aruhusu eneo, huruhusu, mara nyingi kwa wakati wote, bila kujua kama ruhusa hiyo itatumika kutafuta saa tu au na mengine. Kisha huambiwa aiondoe programu hiyo kwenye orodha ya zinazobanwa ili kuokoa chaji, la sivyo saa itakatika. Ushauri huo una msingi, kwa kuwa simu za Tecno, Infinix na Xiaomi zina mazoea ya kufunga programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia. Mtumiaji amebanwa kati ya mawili: akiibana programu, arifa hazifiki mkononi, akiiachia, ameipa programu asiyoijua kibali cha kukesha. Lililo bora kwake hakuna anayemweleza.

Wapo watakaopinga kwa jaribio rahisi: nilizima Bluetooth siku nzima, chaji ikakaa. Jaribio hilo ni la kweli, ila linathibitisha kidogo kuliko linavyodhaniwa. Bluetooth ikizimwa, salamu husimama, na karibu kazi zote zilizokuwa zikifanywa kwa ajili ya saa husimama nazo, kwa hiyo haiwezekani kujua ni kipi kilichookoa chaji. Njia ya fundi ni ya polepole na ina mantiki zaidi. Huiacha saa imeunganishwa, kisha huondoa kazi moja baada ya nyingine: leo hali ya hewa, kesho upimaji wa moyo usiokoma, keshokutwa arifa za programu zisizo na haraka. Chaji ikirudi huku saa bado inasalimiana na simu, mkosaji amepatikana na salamu imeachiwa huru. Hata ukurasa wa betri ulio ndani ya simu unataka msomaji makini. Katika simu nyingi asilimia iliyoandikwa mbele ya programu ni sehemu ya chaji iliyokwisha kutumika, si ya betri nzima: programu ya saa ikionyesha asilimia 8 wakati nusu ya betri ndiyo iliyotumika, imekula asilimia 4 ya betri. Tena kwenye Android, hesabu ya kila programu hutokana kwa sehemu kubwa na makadirio yanayojengwa juu ya viwango vilivyowekwa na mtengenezaji. Hakuna mita iliyofungwa kwenye kila programu.

Wengine watasema tofauti ilionekana siku ileile saa ilipounganishwa, kwa hiyo sababu ni saa. Siku hiyo, hata hivyo, si siku ya kawaida. Programu inajisajili, inashusha sura za saa, inasasisha kifaa, na mwenyewe amefungua kioo mara nyingi kuliko kawaida yake ili kuchezea kitu kipya. Kuna pia umri wa betri. Kampuni ya Apple inaeleza kwamba betri za iPhone 14 na za kabla yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Simu iliyofika huko na kupita haina tena akiba ya kuficha kazi ndogo ndogo, na mzigo ambao simu mpya isingeuhisi unaifanya izime mapema. Fundi akisema betri imechoka, mteja huona anakwepa swali, kumbe amelijibu: saa imeongeza kidogo, na kidogo hicho kimekuta chombo kisicho na nafasi.

Hoja ya upande wa pili, kwamba saa huokoa chaji, nayo ipewe haki yake bila kutukuzwa. Kwa hesabu ya hapo juu, mtu anayesoma arifa mkononi na kuiacha simu mfukoni anarudisha gharama ya salamu kwa kutofungua kioo mara moja tu. Tatizo liko katika neno kuiacha. Anayesoma mkononi kisha akaitoa simu ili kujibu hajaokoa chochote. Ameongeza kazi ya kupitisha arifa juu ya kazi ileile ya kioo. Ndiyo maana viapo vya pande zote mbili vinaweza kuwa vya kweli kwa wakati mmoja. Saa zao zinafanana, ila kazi wanazoziagiza na mazoea ya vidole vyao hayafanani.

Yanabaki maswali ambayo bisibisi ya fundi haiyafikii. Kwa nini saa inayohesabu hatua ishindwe kuzihesabu na kuzihifadhi bila kumwamsha mtu mtandaoni? Kwa nini ukurasa wa betri usitenganishe gharama ya kuunganishwa na gharama ya kutumwa, ili mtumiaji ajue cha kuzima? Na kwa nini boksi la saa litangaze kwa herufi kubwa siku ambazo saa itadumu, likae kimya kuhusu chaji itakayochotwa kwenye simu, wakati kanuni zenyewe zimeihamishia simu sehemu ya mzigo huo? Mtengenezaji ana maabara na ana programu yake mwenyewe; kuipima kwenye simu tatu za kawaida na kuchapisha matokeo kungekuwa kazi ya siku chache. Hadi atakapofanya hivyo, mnunuzi anayeuliza dukani saa hii inakaa na chaji siku ngapi anapaswa kuongeza swali la pili, yaani simu yake itabaki na chaji kiasi gani, na asishangae muuzaji akimtazama kana kwamba hajawahi kuulizwa.