Mtafiti wa Kukaa Maganzo
Chuo cha sayansi kinapotangaza nafasi za utafiti baada ya uzamivu, wengi huuliza: mtu keshapata udaktari, bado anatafuta nini? Kwetu ngazi hiyo haijazoeleka. Mhadhiri msaidizi akimaliza uzamivu hupanda kuwa mhadhiri, na tangu hapo vipindi na kusahihisha mitihani humla muda. Nafasi hizi ni za mkataba mfupi, kazi yake utafiti, na mara nyingi hulipwa na wafadhili wa nje. Naona Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, iliyoanzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu, ingezifungamanisha na mahali maalumu, na ianzie Maganzo, mkoani Shinyanga.

Shinyanga ni miongoni mwa mikoa yenye visima vya floraidi nyingi, ile inayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia na, ikizidi kwa miaka, hudhuru mifupa. Dawa mojawapo inajulikana: kituo cha Ngurdoto, Arumeru, kimetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na mifupa Usukumani haikosekani. Ugumu uko kwingine. Mifupa ikichomwa kwa moto hafifu, maji yananuka. Moto ukizidi, mkaa haunasi floraidi vizuri. Tena mkaa ukishajaa, maji hutoka meupe vilevile, ladha ileile, na asiyepima hajui kwamba anakunywa floraidi. Mwanafunzi wa uzamili huchota sampuli msimu mmoja, akaandika tasnifu, akaondoka. Kujua chujio linadumu muda gani kwenye kisima fulani, kiangazi na mvua, kunataka mtu wa kukaa. Geita nako, marudio (masalia ya uchenjuaji) ya wachimbaji wadogo yenye mabaki ya zebaki huchenjuliwa tena kwa sayanaidi, ambayo huyeyusha sehemu ya zebaki hiyo. Zebaki hiyo inakoishia mvua zikinyesha hakujulikani kwa ziara ya wiki mbili. Almasi ya Mwadui, jirani na Maganzo, iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, Mkanada mwenye uzamivu wa jiolojia, baada ya kusaka kwa miaka. Almasi ilipewa subira hiyo. Sioni kwa nini maji yanyimwe.

Watasema bomba la Ziwa Victoria kutoka Ihelele litamaliza tatizo. Litasaidia sana, lakini bomba haliondoi zebaki, na kijiji ambacho halijafika kinakunywa leo. Wengine watasema wenye uzamivu ni wachache, wafundishe kwanza. Hoja hii ni nzito, ila haigusi mwaka mmoja au miwili ya mtu mmoja. Inayonisumbua ni ya tatu: nani ataacha ajira ya kudumu kwa mkataba? Kwa hiyo tangazo liruhusu mhadhiri kuazimwa na chuo chake, cheo na pensheni vikimngoja. Fedha nazo zisitegemee ufadhili peke yake. Migodi hulipa halmashauri ushuru wa huduma kulingana na mauzo. Halmashauri za Kishapu, iliko Maganzo, na Geita zikitenga kipande chake, zitakuwa na haki ya kuchagua swali la kutafitiwa na kudai majibu kwa Kiswahili.